Kifaa cha Nchi za Baridi

Gari langu lilipotoka kwenye matengenezo makubwa, fundi alinikabidhi funguo na mfuko wa rambo uliojaa vyuma vichafu. Huo ndio ustaarabu wa gereji za kwetu Kibaha. Kila kifaa kilichong'olewa unarudishiwa mwenyewe ukakitupe kwako, ili uamini kwamba kazi ilifanyika. Ndani ya mfuko ule kimoja kilikuwa kizuri: duara la shaba lenye springi katikati, ukubwa wa kitumbua.

"Hiyo themostati," fundi akaniambia. "Inazuia maji yasiende kupozwa kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Mambo ya nchi za baridi hayo, dada. Huku kwetu joto la nini tena? Nimeitoa, haina kazi."

Nikamshukuru. Niliwahurumia hata Wajapani, watu walioweza kuunda gari zima lakini hakuna aliyewadokeza kwamba Mkoa wa Pwani una jua. Nikakifunga kile chuma kwenye funguo za gari. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Picha ya Ndege, na funguo zangu zina tabia ya kupotea chini ya mabaki ya vitambaa. Kwa uzito ule zisingepotea tena.

Matengenezo yenyewe yalianza kwa mpira wa maji kupasuka nikiwa natoka Kisarawe kwa mama. Injini ikachemka, gasketi ikaungua, injini ikashushwa chini, ikafunguliwa yote na kufungwa upya. Nilikuwa na haraka na gari. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na baada ya kubembelezwa na ukoo mzima alikuwa amekubali kupasuliwa hospitali ya huku Kibaha. Sharti lake lilikuwa moja tu, apelekwe na mwanawe kwa gari la mwanawe. Basi hapandi, gari la jirani hapandi, akibadilisha mawazo asilaumiwe na wageni.

Wakati huo alishakuwa ananitambua kwa sauti. Akimimina chai anatumbukiza kidole kikombeni ajue imefika wapi. Kidole kile kikiingia kwenye chai ya moto, mimi niliyekaa pembeni ndiye niliyekuwa naungua. Daktari alishasema tusichelewe, na mimi nilichokuwa natafuta duniani ni gari litakalotoka Kisarawe na kufika Kibaha.

Siku ya miadi nilimfuata alfajiri kwa njia ya Kiluvya, gari limetulia. Nikampakia na kanga zake na chupa yake ya uji. Kurudi, jua limeshatoka, tukaanza kupanda kilima, na mshale wa joto kwenye dashibodi ukaanza kupanda na sisi. Ulipofika kwenye alama nyekundu nikasimama. Boneti likafuka moshi. Mama akauliza kama tumefika. Nikamwambia bado. Akasema harufu ni ya jikoni kwa watu wasiojua kupika.

Tukarudi kwake mwendo wa jeneza, miadi ikapita.

Nikaanza kuzunguka kwa mafundi, na kila fundi alinipokea kwa swali la shemeji yuko wapi. Nikiwaambia shemeji hayupo, gari ni langu na masikio ninayo, walinionea huruma, kisha wakamweleza kijana wa duka la spea aliyesimama karibu yangu. Wa kwanza, pale Kwa Mathias, alisema rejeta imeziba. Nikanunua rejeta nyingine, likachemsha. Wa pili akasema feni ni mvivu, akaiunga moja kwa moja izunguke muda wote, ikawa inanguruma kama mashine ya kusaga, nalo likachemsha. Wa tatu alisema gasketi imefungwa na mtu asiyejua, akaifungua, akaifunga yeye anayejua, na likachemsha vilevile ila sasa kwa utaalamu.

Wote waliuliza swali moja. "Themostati mlitoa?"

"Ilitolewa."

"Safi sana."

Katika ugonjwa mzima ule, hiyo ndiyo sehemu pekee waliyokubaliana. Wote pia waliigusa rejeta kwa mkono wakaikuta chini ni vuguvugu tu, huku injini inatokota kama maharage. Mmoja aliniambia hiyo ni dalili nzuri, rejeta mpya inafanya kazi. Jirani yangu wa kibandani hakuhangaika na vyuma, yeye alisema ni husuda. Nikamwambia mwenye kuhusudu gari lile aje na dereva alichukue.

Baada ya gasketi ya fundi wa tatu nililijaribu asubuhi moja mpaka daraja la Ruvu na kurudi. Tambarare, hali ya hewa ya mawingu, mshale ukatulia. Nikajidanganya kwamba limepona. Nikaomba miadi mingine, nikamfuata mama, na kwenye kilima kilekile, karibu hatua ileile, mshale ukapanda tena kwenye wekundu wake.

Nikazima gari. Nilishuka nikapiga tairi teke, na aliyeumia ni mimi. Mama alikuwa ametulia kwenye kiti cha mbele. Akanyoosha mkono akazipapasa funguo zilipokuwa zinaning'inia, kidole chake kikaingia kwenye ile springi.

"Hiki chuma cha nini?"

"Cha gari hilihili, mama. Walikitoa."

"Kimekufa?"

"Hapana. Walisema hakina kazi."

Akakibonyeza tena. "Nesi aliniambia na mimi watatoa kitu ndani ya jicho."

"Wanatoa, halafu wanaweka kingine."

"Kuweka ni maneno. Hili gari lako nimelisikia kila siku linatolewa, linatolewa. Limepona?" Akaziachia funguo. "Nirudishe nyumbani. Mimi siendi kufunguliwa."

Nilitamani kubishana. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara, mguu unauma, gari linatoa mvuke, na ushahidi wote uko upande wake. Sijawahi kumwogopa mama kama nilivyomwogopa siku ile alivyosema vile kwa upole. Akigoma mwenyewe kwa hasira nilizoea, kesho yake anakubali. Ile ilikuwa ni kukata shauri.

Nyumbani kwake nilikifungua kile chuma kwenye funguo. Kilichonisukuma kilikuwa hasira, nisijipambe. Mteja akiniletea gauni nimbadilishie zipu, siwezi kung'oa kola nikamwambia huku kwetu kola ni za nchi za baridi. Nikabandika sufuria ya maji kwenye jiko la mkaa, nikakifunga chuma kwa uzi wangu wa kushonea, nikakitumbukiza. Maji ya baridi, kimefunga kabisa. Maji yalipoanza kutokota kikajisukuma taratibu kikafunguka. Nikakitoa kikapoa, kikajifunga tena.

"Kinafanya nini?" mama akauliza kutoka kwenye mkeka wake.

"Kinafunguka kikipata moto. Kikipoa kinafunga."

"Na hapo ndipo mlipoambiwa hakina kazi."

Kesho yake nililijaza gari maji, nikaondoka kukiwa bado na ubaridi, nikaenda kwa fundi yule wa mwanzo aliyenipa mfuko wa rambo. Nikamwambia akirudishe kile chuma.

"Dada, nikikirudisha likichemsha usinilaumu."

"Linachemsha sasa hivi na lawama unazo tayari. Rudisha."

Alicheka, akakonyezana na wenzake, akafungua kwa kunifurahisha niondoke. Nilisimama juu yake kama mke wa pili. Pale kilipotakiwa kukaa niliona matundu mawili. Moja ni njia ya kwenda kwenye rejeta, la pili ni njia fupi ya kurudi kwenye injini. Kile chuma kilipoingia niliona kinavyokaa: kikifunguka upande wa rejeta, mguu wake wa chini unaziba ile njia fupi. Miezi yote ile hakukuwa na wa kuiziba, na maji yalikuwa yanakatisha hapohapo, yanarudi kwenye moto wao bila kwenda kupoa. Ndiyo maana rejeta zangu zote mbili zilikuwa vuguvugu. Zilikuwa zimekaa bure kama mimi kwenye mabenchi ya gereji.

Fundi naye aliona. Najua aliona, kwa sababu aliacha kukonyezana na wenzake. Tukaliwasha, tukaliacha lingurume mpaka feni ikakaribia kuomba poo. Mshale ulipanda ukafika katikati, ukakaa.

"Si unaona?" akasema akijifuta mikono. "Injini ikitoka kufunguliwa lazima izoee kwanza."

Nikamwacha na ushindi wake. Mimi nilikuwa na mtu wa kumshawishi Kisarawe.

Mama hakutaka maneno. Akataka apandishwe kilima, ashushwe, apandishwe tena, saa za jua kali. Alikaa ameinamisha sikio, ananusa. Tuliporudi uani kwake akapapasa funguo.

"Kile chuma kiko wapi?"

"Kimerudi mahali pake."

Halafu akasema nimtafutie ile kanga yake mpya, hawezi kwenda kulala kwa watu na iliyochakaa.

Walimfanyia jicho la kulia kwanza. Alilala hospitali, asubuhi daktari, kijana mpole, akaja akamwamkia shikamoo na kumfungua bandeji. Mama akapepesa, akamtazama usoni muda mrefu.

"Marahaba, baba. Mlichokitoa kiko wapi?"

Daktari akanigeukia. Ningemwelezaje yule mtoto wa watu habari za mfuko wa rambo? Akamwambia kwamba kile hawampi mgonjwa, ila wameweka kingine mahali pake, na ndicho anachoonea sasa.

"Umeweka kweli?"

"Nimeweka, mama."

"Basi wewe ni fundi," mama akamwambia, na akanitazama mimi. Alinitazama sana. Akasema nimekonda, na kwamba blauzi niliyovaa mshono wake wa bega umepinda. Ulikuwa umepinda.

Alikaa kwangu mpaka daktari aliporidhika, kisha akataka kwenda kwake. Tulishika njia ya Kiluvya mchana. Nilipoona kilima mbele, jicho langu likaanza kukimbilia dashibodi: barabara, mshale, barabara, mshale.

"Uko katikati," mama akasema.

Sikuelewa. Nikamgeukia. Alikuwa ameegemea mbele kidogo, mkono juu ya dashibodi, anaukodolea ule mshale mdogo, mwembamba kuliko sindano yangu, ambao mimi mwenyewe lazima nikaze macho kuuona. Machozi yakanitoka, gari likayumba kuelekea kwenye majani.

"Wewe tazama mbele," akasema. "Mshale nautazama mimi."