Upande Mweupe wa Ubao

Tabitha Larwood alirithi brashi za baba yake, na kwa miaka thelathini hakuna gari la farasi wala kibao cha baa kilichopakwa rangi na mtu mwingine katika pande zile za Norfolk, Uingereza. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Kinyongo chake kilikuwa kizito, na alikuwa amekilea miaka tisa.

Ilianza pale Gervase Holcott, bwana mkubwa wa kijiji, alipomwoa Dinah, mdogo wake Tabitha, kanisani, Tabitha akiwa shahidi. Mwaka haukuisha, akamtimua. Ukurasa wa ndoa yao katika daftari la kanisa ukachanwa, na tangu hapo Dinah akaitwa hawara.

Sasa Gervase amekufa. Ndugu yake, Lambert, akaja karakanani kuagiza ubao wa nembo ya ukoo, wa kutundikwa juu ya mlango wa nyumba ya marehemu mwaka mzima wa maombolezo. Wanakijiji huuita "hatchment". Lambert akacheka, akaeleza kwamba midomo ya washamba imelitafuna neno: zamani lilikuwa "achievement", yaani yale mtu aliyoyatimiza, likagugunwa mpaka kikabaki kipande hicho. Akataka nyuma ya nembo pawe peusi kote, kama ilivyo kwa mwanamume aliyekufa bila kuoa. Aliyeacha mke, ubao wake hupakwa nusu nyeupe, upande wa mke. Hilo hata mkamua ng'ombe analijua.

Tabitha akaitikia kwa adabu zote. Hakuwa amewahi kufurahia kazi kama ile.

Siku ya maziko ubao ulipandishwa ukiwa umefunikwa. Kitambaa kikavutwa. Kushoto peusi, kulia peupe pe. Macho yakamgeukia Dinah, aliyesimama getini na gauni lake lililopauka.

"Umefanya nini, wewe mwanamke?" Lambert akauliza.

"Si uliniambia mwenyewe, bwana, ni ubao wa mambo aliyoyatimiza? Basi na hili alilitimiza. Mimi nilikuwepo."

Lambert akamtaka kasisi, yule yule aliyefungisha ndoa, aseme mbele ya watu kwamba huo ni uzushi. Kasisi akatazama ubao, akatazama viatu vyake. Kisha akamwendea Dinah, akavua kofia, akamwomba ashike nafasi ya mjane nyuma ya jeneza.

Tabitha hakumsamehe hata huyo kasisi, aliyeificha kweli miaka yote ile. Dinah alikuwa akimtazama dada yake.

"Nenda," Tabitha akamwambia. "Lambert atembee nyuma yako."