Kushoto, Kulia, Kushoto Tena

Miaka ile ya vita nilikuwa nikifundisha watoto wadogo katika shule ya parokia moja, kule Kimemi, mjini Butembo. Walikuwa wa miaka minne na mitano. Programu ya zamani ilikuwa na somo la mazingira: nyumba, mto, soko, barabara. Nililipenda kwa sababu lilinitoa nje. Ndani ya darasa sikuweza kutulia. Nilikuwa nikiimba na watoto huku sikio langu liko mlimani, kulikotoka milio ya risasi, na nikisahau ubeti, wao ndio walionikumbusha.

Somo la barabara nililifanyia uwanjani. Nilichora mistari miwili kwa chokaa, watoto wengine wakawa magari, wengine wakawa watu wa kuvuka. Magari kwetu hupita kulia, kwa hiyo unasimama ukingoni, unaangalia kushoto, kulia, kushoto tena. Njia ikiwa tupu, unavuka polepole, bila kukimbia. Wote walitaka kuwa lori la askari. Mmoja alipita kwa kishindo akawaangusha wenzake wawili, nami nikamkemea.

"Mais Madame," akabisha, "kamiyo ya basoda hapana kusimama!"

Hapo msichana mmoja, mtoto wa mama muuza maharage sokoni, akaacha kutafuna ukosi wa shati lake. Hakuwa msemaji.

"Madame, kama masasi inalia, tunaangalia kushoto kwanza?"

Wenzake wakanigeukia, wakaningoja. Nilimwambia kwamba siku risasi zikilia wote watakuwa nyumbani na mama zao. Nilijua ninadanganya. Nadhani naye alijua, maana aliurudisha ukosi mdomoni.

Haikupita hata wiki mbili. Ilikuwa saa sita mchana, tunafunga shule. Baadhi ya watoto walikuwa wamekwisha kutoka getini na ndugu zao wakati milio ya kwanza ya risasi iliposikika upande wa juu wa mji, kisha mingine karibu zaidi. Niliwavuta wote waliokuwa uwanjani, nikawalaza chini ya madawati, nikawahesabu, nikawahesabu tena. Yule msichana, ambaye hakuwa na wa kumchukua, hakuwepo.

Nilipofika getini nilimwona. Alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara, miguu pamoja, mkono mmoja juu kama nilivyowaonyesha. Aligeuza kichwa kushoto, kulia, kushoto tena. Mbele yake mji mzima ulikuwa unakimbia: wanawake na mabeseni, pikipiki, mbuzi waliokata kamba, na lori lililojaa askari likirudi nyuma bila dereva kutazama. Njia haikuwa tupu, kwa hiyo hakuvuka. Alianza upya kila mara: kushoto, kulia. Nilimwita, hakusikia.

Nilikimbia. Bati la lori lilinigusa bega, vumbi likaniziba macho. Nilimshika kiunoni nikajitupa naye ndani ya mtaro, nikamlalia. Maji machafu yaliingia katika nguo zetu. Sijui tulikaa hapo muda gani. Ninachokumbuka ni sauti yake ndogo chini ya kifua changu:

"Madame, haukuangalia."

Jioni, kulipotulia, mama yake alikuja kwangu nyumbani. Nilidhani amekuja kunigombeza, nikaanza kuomba msamaha kabla hajaketi. Akanikatiza.

"Ulimufundisha muzuri, anakusikia kupita mimi. Mais mufundishe na ile ingine."

"Ile ingine gani, mama?"

"Ile ya kukimbia."

Basi nikaanza kufundisha ile nyingine. Nikipiga filimbi, kila mtoto alale kifudifudi, mikono kichwani. Mtawa aliyeongoza shule yetu alituona, akaniita pembeni.

"Unaingiza vita mu kalasi."

"Iko tayari ndani, ma sœur."

Hakunikataza. Lakini hakuniunga mkono pia, na mimi mwenyewe sikuwa na hakika. Watoto walikuwa wepesi mno. Asubuhi moja gurudumu la pikipiki lilipasuka mbele ya shule, na wanne wangu, waliokuwa wanavuka, wakalala palepale katikati ya barabara. Mtu wa baiskeli aliyebeba mikungu ya ndizi aliwakwepa akaanguka, ndizi zikatawanyika. Alinyanyuka na goti lenye damu, akanitazama mimi, si wao.

"Sasa wewe, unabafundisha kufa?"

Nilimsaidia kuokota ndizi, huku watoto bado wamelala, wakingoja niseme kwamba imekwisha.

Tangu siku hiyo sikuwaacha tena wavuke peke yao. Nilinunua kamba ndefu, nikaifunga mafundo, kila mtoto akashika fundo lake. Asubuhi nilisimama ng'ambo ya barabara kuwangoja, mchana niliwavusha, nikaenda nao hadi penye njia panda ya mitaa yao. Chakula changu nilikila saa nane. Barabara niliiangalia mimi, na milio niliisikiliza mimi. Wao waliimba. Katika miaka yote iliyobaki pale sikupoteza mtoto hata mmoja njiani, ingawa wapo waliopotea kwa kuhama tu. Yule msichana na mama yake walikwenda kwa ndugu zao upande wa Kamango. Waliniaga kwa kikapu cha maharage, naye akanipa mkono kama mtu mzima.

Baadaye mume wangu alipata kazi Beni, tukahamia mtaa wa Beu, nikaomba nafasi katika shule ya hapo. Mkurugenzi alinikuta barabarani mbele ya lango siku ya kwanza, jua halijapanda bado.

"Madame, masomo inaanza saa moja na nusu."

"Ninajua, Papa Directeur. Niache kwanza nitembee njia watakayopita watoto."

Nikatembea hadi kona, nikarudi, nikavuka upande wa pili, nikaenda tena.