Kithembe cha Dada Vishindo

Alizaliwa na kithembe. Tangu aanze kusema, herufi ya s haikuwahi kutoka kinywani mwake ikiwa nzima. Kila alipoiita ilikuja th, na z nayo ikaja dh, kama wageni wawili wanaojua kuingia nyumba isiyo yao. Nyumbani hakuna aliyejali. Mama yake, mshonaji aliyekuwa na cherehani yake kwenye chumba cha mbele, aliona binti yake anaongea vizuri tu, na wateja waliokuja kupimwa nguo walimsalimia na kumpapasa kichwa.

Shida ilianza darasani. Mwalimu alimsimamisha asome kisa cha simba na sungura. "Thimba akamthogelea thungura," alisoma kwa sauti, na darasa zima likaangua kicheko. Hata mwalimu aligeukia ubao, mabega yakimtikisika. Kuanzia siku hiyo mtoto alijifunza kuzikimbia herufi zile mbili. Sukari akaiita ile ya kutia kwenye chai. Hakusema sitaki, alisema naomba uniache. Saa sita kwake ilikuwa wakati wa jua kali.

"Mwanangu," mama alimwuliza siku moja, "mbona unazunguka hivi, utadhani unautafuta mlango wa nyumba ya duara? Taja kitu kwa jina lake."

"Lakini mama, umenielewa."

"Nimekuelewa."

"Haya, kumbe!"

Mama alicheka, akaendelea kushona. Lakini binti alivyokua ndivyo maneno yake yalivyozidi kupungua, maana Kiswahili hakiendi mbali bila s. Mwisho akawa mtu wa kuitikia kwa kichwa.

Mdomo ule ule, hata hivyo, ulikuwa na kazi nyingine. Aliweza kuiga birika linalochemka, mlango mbovu, kuku anayekanyaga bati, mvua inayoanza kwa matone mawili matatu kisha ikamwagika. Jioni moja, alipokwisha kuwa msichana mkubwa, alikuwa anaanua nguo uani akijifurahisha kwa kuiga pikipiki ya jirani inayokataa kuwaka. Jirani alitoka mbio na taulo kiunoni, povu la sabuni masikioni, akipiga kelele za mwizi. Pikipiki yake ilikuwa pale pale, imefunikwa na turubai. Msichana naye alikuwa ameganda, shati mkononi, midomo bado imechongoka.

Jirani huyo alikuwa Fundi Mitambo, mwenye studio ndogo ya kurekodi matangazo ya redio. Alisimama pale taulo ikitaka kumponyoka, akasema, "Rudia." Msichana akarudia. Wiki iliyofuata alikuwa kazini.

Huko ndiko alikopewa jina la Dada Vishindo. Studio ilikuwa vyumba viwili vilivyotenganishwa na kioo, kuta zimebandikwa masponji ya magodoro. Pembe moja ilikuwa yake: beseni, kokoto ndani ya trei, viatu vya kila aina, funguo, makaratasi ya pipi. Mafuta yakikaanga kitu kwenye tangazo, ni yeye amekunja karatasi ya pipi karibu na maikrofoni. Ndege akiruka, ni yeye na glovu mbili za ngozi. Kazi aliipenda kufa, na alichoipendea zaidi ni kwamba haikumtaka aseme neno.

Wa kusema alikuwa Radi, msomaji wa matangazo, mwanamume mnene mwenye sauti iliyotikisa vikombe mezani. Radi alikuwa mwema na mcheshi, na alipenda kumletea Dada Vishindo vitu vinavyotoa mlio, kama mtu anavyoleta maua: bawaba yenye kutu, kopo lenye mbegu, filimbi iliyopasuka.

Basi siku moja alikuja Meneja wa kampuni ya vinywaji. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi, asiyekaa kitini zaidi ya dakika. Alitaka tangazo la soda mpya, na alitaka ndani yake muwe na maneno matatu ya Kiingereza: "Thirsty throat? Splash!"

"Maana yake koo lenye kiu," alisema Fundi Mitambo. "Kwa nini tusiseme hivyo hivyo?"

"Tutasema pia. Lakini hapa siuzi maana, fundi. Mwenye kiu ana muda gani na maana? Nauza sauti." Meneja alisimama, akafumba macho. "Sikilizeni. Hii th ni pumzi inayokwaruza koo kavu. Halafu inakuja splash. S, chupa inafunguka. P, kizibo kimeruka. L, kinywaji kinateleza. Sh, povu linatulia kwenye glasi. Ukilisikia neno hilo, hata kama hujui Kiingereza, ulimi unalowa."

Wote wanne walimeza mate. Dada Vishindo, kwenye pembe yake, alihisi furaha ya mtu aliyesikia lugha ya kwao ugenini. Huyu mama anasikia kama mimi, alijiambia.

Radi akaingia chumba cha maikrofoni, akakohoa, akanguruma, "Sasti srout?"

"Th," alisema Meneja kupitia kioo. "Toa ncha ya ulimi, iweke katikati ya meno, kisha pumua."

"Tasti trout?"

"Ulimi nje, kaka yangu."

Radi aliutoa ulimi, akauuma, akalia, "Aah!" Hiyo angalau ilitoka safi. Alirudi kwenye maikrofoni na "fafti frout", halafu na kitu ambacho hakuna aliyekitambua. Jasho lilimtiririka. Fundi Mitambo alikuwa amelaza kichwa juu ya mitambo. Dada Vishindo, chupa yake ya kuigizia mlio wa kizibo mkononi, alijikunja akicheka kwa pua.

"Wewe unayecheka," alisema Radi akijifuta shingo, "hebu njoo uone kama ni rahisi!"

Labda ni kile kicheko kilichokuwa kimemlegeza. Alisogea, akasema kabla hajajikataza:

"Thirthty throat? Thplash!"

Th zilikuwa zimetoka kama upepo unaopita kwenye nyasi kavu, na moja ya ziada ilikuwa imejipenyeza mahali ambapo Waingereza wenyewe hawakuiweka.

Meneja alishika koo lake. "Hilo koo limekauka mara mbili!" alipiga kelele. "Nimelipata! Huyu huyu! Rudia, rudia hicho kithembe!"

Neno hilo, kithembe, lilimpiga kama kofi. Akaliona darasa lote tena, na mabega ya mwalimu. Aliiweka chupa mezani taratibu.

"Mimi thi kichekesho," alisema. "Thikuja kadhini ili nichekwe." Akachukua mkoba wake, akatoka.

Hakufika mbali. Alikaa kwenye ngazi za nje akilia kwa hasira, akitafuta kitambaa ndani ya mkoba na kupata makaratasi ya pipi tu. Radi alitoka, akakaa ngazi ile ile kwa kishindo.

"Mwaka wangu wa kwanza," alianza bila kuulizwa, "nilisoma tangazo la duka la fanicha. Limeandikwa, njooni mjipatie samani zenye thamani kubwa. Nimesomaje mimi?"

Dada Vishindo alimtazama kwa jicho moja.

"Samani zenye samani kubwa. Likarushwa mwezi mzima. Watu wakaenda dukani kuuliza kama kila kabati lina kabati jingine ndani."

Alijaribu kujizuia, kicheko kikamshinda, kikatoka pamoja na machozi. "Ulifanyaje?"

"Nilitamani ardhi inimeze. Ikakataa, si unaniona nilivyo. Nikaenda kula."

Mlango ulifunguka, Meneja akatoka. Safari hii hakuwa na haraka. Alichuchumaa mbele ya ngazi bila kujali sketi yake. "Mdogo wangu, nisamehe. Nimekurukia kana kwamba nimeokota kitu barabarani. Nilifurahi mno, lakini furaha yangu haikupaswa kupita juu yako. Ukisema hapana, ni hapana, na soda itauzwa na mwingine. Ukisema ndiyo, niambie unataka iweje."

Dada Vishindo aliikunja karatasi ya pipi, akaikunjua, akaikunja tena. Mtu mwingine angedhani anatafuta njia ya kuzikwepa s, lakini mara hii hakuwa anakwepa kitu.

"Tangadho lote nithome mimi," alisema hatimaye. "Hayo ya Kiingeredha na ya Kithwahili pia. Thitaki niwekwe neno moja tu, watu wacheke, kitha mwenye thauti nene amalidhie. Na vishindo vyote nipige mwenyewe."

"Kazi yangu imekwisha," alisema Radi, akainuka na kumpa mkono amwinue.

Walirekodi mchana huo huo. Alianza kwa kuburuta viatu vizito kwenye kokoto, polepole, hatua za mtu aliyechoshwa na jua. Akapangusa msasa juu ya ubao, mara moja. Akavuta pumzi. "Thirthty throat?" Kimya. Kisha kizibo, mchirizi wa soda ndani ya glasi, mapovu ambayo aliyafuata na mdomo wake mpaka haikujulikana kinywaji kimeishia wapi na yeye kaanzia wapi. "Thplash! Kunywa, mwili utathema athante." Meneja aliruka juu. Fundi Mitambo alisahau kuzima mtambo, kwa hiyo nakala ya kwanza ina sauti ya Radi ikiuliza kama kuna soda ya kweli humu ndani.

Siku tangazo lilipoanza kurushwa, mama yake alikuwa anatia mikono ya gauni. Alisimamisha cherehani katikati ya mshono, akapiga simu.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Unasema s zote hizo mbele za watu?"

"Dhote."

Mama aliisogeza simu karibu na redio. Zilisikika tu kelele za wateja na majirani aliokuwa amewaita, na mtu akiomba redio iongezwe.

Si wote waliofurahi. Kwenye kipindi cha maoni mzee mmoja alipiga simu, akasema tangazo lile linawaharibia watoto matamshi, na kwamba mtu asiyeweza kusema vizuri angebaki nyumbani. Dada Vishindo alimsikia, na jioni ile hakula. Kesho yake wasikilizaji wengi walipiga kumjibu, mmoja wao mwanamke aliyesema, "Mimi nina kithembe, ni wakili, na thijawahi kubaki nyumbani." Dada Vishindo alicheka peke yake jikoni mpaka akaketi.

Lakini siku aliyoisimulia zaidi ni ile ya dukani. Foleni ilikuwa ndefu, redio iko juu ya rafu, na tangazo likapita. Foleni nzima ikaitikia, "Thplash!" Mama mmoja akamwigizia mtoto aliyembeba mgongoni, kijana akapuliza mapovu. Mwenye duka akatikisa kichwa. "Huyu dada nampenda. Hasomi, anatiririka. Siku nikimwona, nampa kreti nzima."

Zamu ya Dada Vishindo ikafika. "Naomba thabuni ya kufulia, kaka, na thindano dha cherehani."

Mwenye duka aliganda, mkono juu ya rafu. "Umesemaje?"

"Thabuni. Na thindano. Watu wanathubiri."

Kelele zilizozuka ziliwatoa watu wa duka la pili nje. Walimshika mikono, wakamwomba aseme hiki, aseme kile, na yeye, aliyewahi kukaa siku nzima bila neno, alisema kila walichotaka, akaongeza birika na pikipiki bure. Kreti aliipata. Ilibidi watu wawili wamsaidie kuibeba.

Baada ya hapo matangazo hayakumwishia. Alisoma ya rangi za nyumba, ya bima, ya viatu vya shule. Akawa msemaji kiasi kwamba Fundi Mitambo alibandika karatasi mlangoni: Hapa tunarekodi, Dada Vishindo tafadhali nyamaza. Juzi juzi ilikuja kampuni ya magodoro ikitaka usingizi usikike redioni. Alileta godoro lenyewe studioni, akalala chini ya maikrofoni ili apate mlio wa mtu anayejigeuza, akajigeuza mara moja, ya pili, na ya tatu haikuja. Kupitia kioo, Radi na Fundi Mitambo walitazamana, wakapunguza taa, wakaacha mtambo uendelee.

Alipozinduka alikurupuka. "Tumerekodi?"

"Tumekwisha maliza," alisema Radi. "Umekoroma bila kosa hata moja."

"Nithikilidhisheni," alisema, akivaa viatu.