Plasta Yenye Jina la Mama Tumaini

Harufu ya plasta ya zahanati, ile nyeupe ya kukata kwa mkasi, bado hunirudisha kwenye kigango chetu cha milimani, upande wa Matiri, msimu wa kuchuma kahawa nilipokuwa darasa la tano. Baridi iling'ata masikio, na kanisani kulinuka nta, makoti yaliyolowa umande na kahawa iliyoanikwa nje kwenye vichanja. Mwaka huo kwaya yetu ilipewa miksa, mashine ya kuchanganya sauti, iliyokwisha kutumika mahali pengine. Ilikuwa na safu ya vitufe vya kusukuma juu na chini, kila chaneli na kitufe chake, na chini ya kila kitufe palikuwa na nafasi tupu. Kaka Longinus, fundi baiskeli aliyekabidhiwa kuiendesha, kila Jumapili alisahau maiki ipi ni ya nani. Mama yangu, nesi wa zahanati aliyehamishiwa kwetu kutoka Singida, akatoa plasta. Mimi nilisifiwa mwandiko, kwa hiyo nikapewa kalamu.

Niliandika ulimi ukiwa nje. Waimbishaji walikuwa watano, mama yangu akiwemo, kila mmoja na maiki yake. Kwetu mtu mzima haitwi jina lake hivi hivi, hata kwenye plasta, kwa hiyo niliandika Mama Gaudensia, Baba Kandidi, na wengine kwa mtindo huohuo. Nilipofika kwa mama yangu niliandika Mama Tumaini. Tumaini ni mimi. Nilivimba kichwa wiki nzima, nikijiona nami nimo kwenye kwaya, chaneli ya nne.

Jumapili iliyofuata nilikaa kwenye benchi jirani na Kaka Longinus ili nitazame kazi ya mikono yangu. Wimbo ukaanza. Vitufe vyote vilipanda isipokuwa cha Mama Tumaini. Hicho kilikuwa kimelala chini kabisa, na mama alikuwa kule mbele, maiki mkononi, akiimba amefumba macho.

"Kaka, ya mama imelala," nilimnong'oneza.

"Iache hapo hapo," akasema bila kunitazama. "Mwalimu ndivyo alivyoniagiza."

Baada ya misa nilimfuata mwalimu wa kwaya, Mwalimu Ndunguru, mtu mpole aliyezoea kutuletea maparachichi nyumbani. Nilimpa shikamoo yake, nikamuuliza. Alirekebisha kola kwanza. "Marahaba, mwanangu. Sauti ya mama yako ina nguvu, haihitaji umeme." Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa. Kama ina nguvu, mbona sikuisikia? Jioni mama, akipuliza mkaa wa pasi, aliniuliza, "Leo mlinisikia vizuri?" Nikasema, "Ndiyo, Mama." Akacheka kama msichana, nami nikaona aibu nisiyojua ni ya nini.

Jumapili nne zilipita hivyo. Nilimchukia Mwalimu Ndunguru, kisha nikakumbuka maparachichi yake, nikashindwa kumchukia. Labda ni kwa sababu sisi ni watu wa kuja, tusiojua Kimatengo zaidi ya salamu. Labda mama alimchoma mtu sindano vibaya. Nililala na swali, nikaamka nalo. Kisha kwaya ikaalikwa kuimba kwenye sikukuu kule ziwani, na mama akafua sare yake siku tano kabla, akaipiga pasi, akaikunjua, akaipiga tena. Nilipomwona hivyo nilijua siwezi kumwacha aimbe bure mbele ya watu wote wale.

Tulishuka kwa lori pamoja na miksa yetu, tukapumzika Kingerikiti, tukafika Nyasa jua likichoma na dagaa wa usipa wameanikwa mchangani hadi karibu na spika. Waimbaji walipokwenda kuvaa sare, nilibandua plasta mbili. Ya Mama Tumaini niliihamishia kwenye chaneli ya Mama Gaudensia, mwimbishaji wetu mkuu, ambaye kitufe chake kilipandishwa kuliko vyote. Ya kwake nikaibandika kwa mama. Sikuona kuwa ninakosea. Niliona ninarekebisha kosa la mtu mwingine.

Wimbo ulipoanza, Kaka Longinus alisoma mwandiko wangu, akasukuma. Sauti ya mama ikatoka kwenye spika zote mbili, ikaenda hadi majini. Ilikuwa sauti ileile ya jikoni kwetu, niliyoipenda tangu sijajua kusema. Lakini kwaya ilikuwa ikienda huku, yenyewe ikienda kule, juu kidogo, nyuma kidogo, kwa bidii zake zote. Jikoni hapakuwa na kwaya ya kuilinganisha nayo. Watoto wa ziwani wakaanza kucheka, watu wazima wakatazama chini. Kaka Longinus alishika kitufe kilichoandikwa Mama Tumaini, akakuta kiko chini tayari, akabaki ametoa macho. Mama aligeuza shingo kuitazama spika, akasikiliza maneno mawili matatu. Kisha akafunga mdomo.

Kwenye lori Mama Gaudensia alimmegea mama muhogo, na Mwalimu Ndunguru akamfunika mabega kwa koti lake. Hapo ndipo nilipoanza kuhisi kwamba wote walijua, na kwamba walikuwa wakimsitiri nesi wao, mgeni wao, kwa sababu hakuna aliyeweza kumwambia usoni. Sijui hadi leo kama ule ulikuwa upendo au udanganyifu. Mama hakurudi kwenye kwaya. Alisema kazi zimezidi zahanatini.

Sasa tunaishi Mbinga mjini. Miksa ya kanisa letu la sasa ina kioo cha kugusa, na majina yake hufutwa kwa kidole, hayaachi hata gundi. Mama amestaafu, anakaa nami. Nimejaribu mara nyingi kumwambia ni nani aliyezihamisha zile plasta, lakini sijui nianze na kosa lao au na langu. Asubuhi, akidhani nimekwisha kwenda kazini, huchambua maharage jikoni huku akiimba wimbo uleule, juu kidogo, nyuma kidogo. Mimi husimama nyuma ya mlango, viatu mkononi, nikimsikiliza. Nikiingia, ananyamaza.