Gunia Lililorudishwa

Leo nimefungua gunia la majani chai lililosahaulika kwa stoo, na ile harufu ya kuchacha ikanirudisha utotoni. Sijui kama naeleza vizuri, lakini inanuka kama matapishi ya ndama.

Siku moja nikiwa mtoto, mama alirudi kutoka kituo cha kuuzia majani akiwa bado na gunia mgongoni. Karani anayepima majani alikuwa amelikataa. Simlaumu, kwa sababu majani yalikuwa yameharibika kwa joto, na mimi ndiye niliyeyashindilia kwa miguu ili yaingie mengi. Mama alilitupa chini.

"Nimechoka na hii chai. Kesho nang'oa yote."

Akaniambia niyamwage majani. Yalikuwa moto, yanateleza, yanaingia kwa kucha. Nilitapika kidogo. Kabla hata sijanawa, akaniletea Biblia nimsomee, kwa vile yeye hakujua kusoma. Nikaangukia kwa yule nabii anayesema shamba halina chakula na zizi halina ng'ombe, lakini yeye atamfurahia Mungu tu. Kidole changu kilichafua karatasi. Hata hayo maneno yalinitia kinyaa.

"Mama, huyu anatucheka?"

Mama akacheka mpaka akashika mbavu.

"Anatucheka wapi! Huyo pia walimrudishia gunia."

Akajifunga leso kiunoni, akachukua kikapu, akarudi shambani kuchuma. Nilimfuata bila furaha yoyote, mikono ikinuka hivyo hivyo, nikashika laini yangu ya michai kando ya yake.