Nilivyochagua kupaka plate za maabara nikapoteza sofa la kulala Toronto

Habari zenu wakuu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Asiyeamini apite kimya kimya, sitamlilia.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2010. Nilikuwa nalala kwenye sofa la binamu yangu Hamadi, ghorofani huko St. James Town. Shule niliacha form two, na tangu hapo sijawahi kutulia sehemu moja.

Asubuhi moja nikatoka tu, sina mpango. Nikapanda basi la kwenda kaskazini, nikashukia Markham kwa sababu sikuwahi kufika.

Pale kituoni dada mmoja alikuwa anafoka kwenye simu, Kiswahili cha Kenya kabisa.

"Sasa nani atanioshea chupa leo? Mimi?"

Nikamwambia, "Mimi nipo, dada."

Akanitazama juu mpaka chini. "Uko na work permit?"

Nikamjibu ninayo. (Msianze, makaratasi yangu yalikuwa safi.)

Anaitwa Mumbi, msimamizi kwenye kampuni ndogo inayoandaa plate za vipimo vya maabara, akanichukua siku hiyo hiyo kuosha chupa. Plate yenyewe ni kipande cha plastiki kama kiganja, kina vishimo vidogo tisini na sita. Unatia antibody, yaani protini ya kinga ya mwili, kwenye kila kishimo, inang'ang'ania plastiki. Unaosha, halafu unaziba nafasi zilizobaki kwa protini nyingine, kisije kikajishikiza kitu kisichohusika. Maabara wakitia damu ya mgonjwa, antibody inadaka inachokitafuta, mwisho rangi inatokea.

Wakuu, nilishangaa. Plastiki tupu inashikaje? Niliuliza maswali wiki nzima mpaka Mumbi akachoka.

"Haya, paka wewe, uniache nipumue."

Nikapaka. Nikazibebanisha kwenye kabati la joto moja juu ya nyingine, kama chapati zinavyopangwa zisipoe. Nilijiona nina akili sana.

Tulipozijaribu, plate za juu na za chini zilikolea rangi. Za katikati zimepauka.

"Wewe bana!" Mumbi akashika kiuno. "Chapati unazuia joto lisitoke. Hizi zimetoka kwa fridge, joto linafaa kuingia! Kesho asubuhi unarudia. Zikikataa, unarudi kwa chupa zako."

Jioni nafika nyumbani, Hamadi ananisubiri.

"Dogo, nimekuombea kazi ghalani kwetu. Kesho asubuhi uwepo, la sivyo beba begi lako."

"Kesho nina plate."

"Plate? Form two ilikushinda, leo unajifanya mwanasayansi?"

"Ilinishinda, sawa. Hizi hazijanishinda bado."

Akacheka, akazima taa. Simlaumu sana, sofa ni lake. Lakini kuchaguliwa kitu cha kutaka kujua, hapana.

Asubuhi nikabeba begi, nikaenda Markham.

Safari hii nilizitandaza moja moja kwenye rafu, hakuna iliyobebana na mwenzake. Nikaosha, nikaziba, tukajaribu. Mumbi akainua plate moja dirishani, akaigeuza, akachukua nyingine.

"Zimekubali," akasema. Kisha akaliona begi. "Na hiyo?"

Nikamweleza. Hakunipa pole. Akampigia rafiki yake wa kanisani, nesi, ana chumba cha basement.

Jioni nikagonga mlango. Mama akafungua, bado ana sare ya kazini.

"Wewe ndiye wa Mumbi? Vua viatu hapo. Unafanya kazi gani?"

"Napaka antibody kwenye plate."

"Hiyo nayo ni kazi?"

"Ni kazi, mama."

Akanipa ufunguo. Chumba kidogo, dirisha liko usawa wa majani, lakini kitanda kilikuwa kitanda. Hamadi akapiga, nikamwambia ghalani atafute mwingine, pilau la Jumapili nitakuja kula.

Nilichojifunza: kuacha shule hakukuondolei haki ya kuuliza. Ukikosea, rudia mbele ya watu wale wale.

Wakuu, nani mwingine aliwahi kuambiwa kitu fulani si saizi yake, na alijibu nini? Hata wa kunitukana karibuni, nasoma zote.