Herufi Moja Kwenye Boksi la Redio

Mwezi uliopita nilirudi Singida mjini, nikaingia duka moja kutafuta pasi. Ukutani niliona runinga yenye jina la kampuni ya Kijapani, jina nililoweza kulisoma kabla sijaweza kuandika la kwangu. Nikamwambia dada muuzaji kuwa Wajapani hao mimi ni kama ndugu zangu. Akacheka, akanieleza kwamba kampuni ile iliacha kutengeneza vitu siku nyingi. Viwanda vimefungwa, jina limeuzwa, na walionunua wanalibandika kwenye mali yao. Nilitoka bila pasi.

Usinishangae. Baba yangu aliuza redio za Wajapani wale kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, hapo hapo mjini, na jina hilo ndilo lililotulisha. Tukila ugali wa uwele na mlenda, alitusimulia jinsi kampuni ilivyoanza: mafundi wachache kwenye banda, katika mji ulioteketea kwa vita, wakiunda redio kwa vyuma vya kuokoteza. Huenda aliongeza chumvi. Lakini alikuwa akimaliza kwa kusema, kwa fahari kana kwamba alikuwa nao, kwamba watu wale walitoka kwenye majivu wakafika mpaka vijijini, mpaka Sepuka.

Mimi nilijifunza kusoma kwenye maboksi yao. Mama akipepeta uwele uani, nilifuata herufi kwa kidole, nikinusa karatasi mpya.

Kisha ukaja mwaka ambao redio ziliadimika. Wakala aliyezoea kumletea baba hakuwa na kitu, na rafu zilibaki na chache tu. Baba akachukua mzigo kwa mfanyabiashara mwingine, mgeni kwetu. Nilipokuwa nikiyapanga maboksi yale baada ya adhuhuri, kidole changu kilikwama. Nikamwambia baba kuwa herufi moja imekosewa.

Alilichukua boksi, akalisoma herufi kwa herufi. Kisha akasema, "Usimwambie mtu. Hata mama yako."

Nilikuwa na miaka tisa. Ulikuwa msimu wa vitunguu, wakulima walikuja wengi. Kila redio ilipotiwa betri ikaimba, na mnunuzi akatabasamu, niligeukia ukutani. Mama aliniuliza mbona sili. Nilisema naumwa jino.

Jumamosi moja akaja mkulima wa Sepuka, redio ameifunga kwenye shuka. Alisalimia vizuri, akauliza habari za nyumbani, ndipo akaifungua. Ilikuwa imenyamaza wiki ya tatu tangu ainunue. Jirani yetu mwenye duka la nguo akasogea, na watu wengine wakasimama mlangoni. Baba akauliza kama ana uhakika aliinunua hapa. Yule mzee hakupandisha sauti. Alisema aliinunua hapa hapa, ila karatasi ya risiti hana, na hakujua kama kwa baba karatasi ingehitajika.

Mama alikuwa ametoka uani, mikono ina unga. Baba akanitazama, na katika macho yale nikaona anataka niondoke. Sikuondoka. Nikaanza kulia. Mama akaniuliza kuna nini.

"Ni zile zenye herufi mbaya," nikasema. "Baba anajua."

Nakumbuka jirani alivyotazama chini. Nilingoja kofi. Baba akachukua bisibisi, akaifungua redio ile mbele ya watu wote, akawaonyesha nyaya nyembamba zilizochomelewa ovyo. "Mtoto amesema kweli," alisema. "Niliona, nikauza." Kisha akamshushia mzee redio halisi kutoka rafuni.

Kuanzia Jumatatu alitoka kila asubuhi na baiskeli, akiwabadilishia watu. Katika kijiji cha Mwankoko, mjane mmoja aligoma. Alisema yake bado inaongea, aachiwe. Baba akamwachia zote mbili. Redio halisi zilipoisha rafuni, wengine aliwarudishia walichotoa, na duka la redio likaishia hapo. Akaanza kuuza mafuta ya alizeti. Kampuni ya Wajapani ilizidi kukua, ikaleta kaseti, ikaleta runinga za rangi, na vyote vilipita mbele ya mlango wetu vikielekea maduka ya wengine. Hadithi ya mafundi wa bandani hakuisimulia tena.

Hakunipiga, wala hakunisemesha mpaka msimu wa kulima. Siku moja ya msimu huo aliniita nimshikie baiskeli apakie madebe, akaniuliza kama shuleni kuna joto. Tukaendelea hivyo, tukipendana, kwa miaka mingi.

Ile nyumba imebomolewa, na baba tumeshamzika. Sikuwahi kumwomba radhi kwa kumwaibisha mbele ya watu. Naye hakuwahi kunitaka radhi kwa kunibebesha jambo lile nikiwa mdogo vile. Nadhani kila mmoja alimngoja mwenzake aanze.